Kuchagua Ramani ya Nyumba Katika Kiwanja cha Kariakoo

Ramani ya nyumba ya Kariakoo huanzia kwenye kiwanja chenyewe. Michoro inayouzwa ikiwa tayari, mitandaoni na kwenye maduka ya fotokopi, kwa kawaida huchorwa kwa kufikiria viwanja vya Goba, Madale au Kibada: nyumba imekaa katikati, upepo unaingia pande zote nne, gari linaegeshwa mbele ya baraza na shimo la maji taka liko nyuma ya jiko. Kariakoo, Gerezani, Mchafukoge na Kisutu nafasi ya namna hiyo haipo. Kiwanja ni chembamba, jirani amejenga hadi mpakani, chini zinatakiwa fremu za biashara na juu nyumba za kuishi, na lori la kokoto halina pa kusimama. Mwenye kiwanja anayechukua ramani ya pembezoni mwa jiji na kuagiza ipunguzwe kidogo huishia na vyumba visivyo na dirisha na ngazi isiyopandika. Tena makosa hayo hayaondoki kwa ukarabati, kwa sababu hakuna nafasi ya kusogezea kitu.

Nyumba ya zamani na kazi iliyofanya

Mitaa iliyonyooka ya Kariakoo ilipangwa na Wajerumani katika miaka ya mwisho ya utawala wao, na Waingereza wakaiendeleza baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia kama eneo la makazi ya Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kulitenga eneo hilo na Uhindini. Viwanja vyake vilijaa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu kila upande, na uani kwenye jiko, choo, bafu na stoo. Kuta zilikuwa za miti na udongo, baadaye za tofali. Paa la makuti likaja kupisha bati.

Nyumba hiyo ilifanya kazi nne kwa wakati mmoja. Ukumbi ulipitisha upepo. Uani uliingiza mwanga na ulikuwa mahali pa kupikia, kufulia na kulea watoto. Baraza lilipokea wageni na biashara ndogo bila mtu wa nje kuingia ndani. Na kila chumba kiliweza kupangishwa peke yake, kwa hiyo nyumba ilimlisha mwenyewe hata uzeeni. Ghorofa zimechukua nafasi ya nyingi ya nyumba hizo, lakini kazi hizo nne hazikuondoka nazo. Ramani yoyote inayoletwa mezani ipimwe kwa maswali hayohayo: hewa inapita wapi, mwanga unaingia wapi, mteja wa dukani anatenganishwaje na familia ya ghorofa ya tatu, na ni sehemu zipi zinaweza kupangishwa au kuuzwa peke yake.

Haki juu ya kiwanja kabla ya mchoro

Viwanja vingi vya Kariakoo ni mali ya ukoo. Hati inaweza bado kuwa na jina la babu aliyefariki, huku watoto na wajukuu wakigawana kodi ya vyumba. Mbunifu akianza kuchora katika hali hiyo, kazi inaweza kukwama kwenye dirisha la kwanza la halmashauri. Hatua ya kwanza ni msimamizi wa mirathi kuteuliwa na mahakama na umiliki kuhamishwa. Kama nyumba ni makazi ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Baada ya hapo huangaliwa hati yenyewe: muda uliobaki, masharti ya matumizi ya ardhi (makazi peke yake, au makazi na biashara), na kama kodi ya ardhi imelipwa. Mpima aliyesajiliwa ahakiki mipaka kwa kutafuta mawe ya kiwanja, maana ukuta wa jirani si ushahidi wa mpaka.

Jambo la pili ni fedha, na hapa familia nyingi huingia ubia: familia inatoa kiwanja, mwekezaji anatoa mtaji, kisha wanagawana jengo. Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililoanzishwa mwaka 1962, nalo limejenga kwa ubia na watu binafsi katika viwanja vyake vya katikati ya jiji. Ubia huharibika mara nyingi pale mkataba unapotaja idadi ya sakafu bila kutaja ramani. Familia inaahidiwa "ghorofa mbili", na jengo linapokamilika inakabidhiwa zile za juu kabisa, zisizo na lifti, wakati fremu zote za chini zimebaki kwa mwekezaji.

Dawa yake ni kuambatisha michoro iliyosainiwa kwenye mkataba, kila sehemu ikiwa na namba, eneo kwa mita za mraba na jina la atakayeimiliki, pamoja na aina ya milango, vigae, lifti, matangi na jenereta. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu kupata hati yake, lakini hilo hurahisika iwapo ramani ilizitenganisha sehemu hizo tangu mwanzo, ikaonyesha na zile za pamoja: ngazi, korido, paa na chumba cha mita za umeme. Mbunifu anayelipwa na mwekezaji anamtumikia mwekezaji. Familia inahitaji mshauri wake yenyewe, hata kama ni kwa kazi ya siku chache tu ya kusoma michoro na mkataba.

Orodha ya mahitaji

Mteja anayemwendea mbunifu na picha ya ghorofa la Dubai anampa kazi ya kunakili. Anayemwendea na orodha ya mahitaji anampa kazi ya kubuni. Orodha hiyo hutaja nani atakaa humo, wangapi, wazee wangapi wasioweza kupanda ngazi, vyumba vya kupangisha vingapi, fremu ngapi na za biashara gani, kiasi cha fedha kilichopo sasa na kinachotarajiwa, na kama jengo litajengwa kwa mkupuo au kwa awamu. La mwisho hilo lina uzito wake. Mwenye kutaka kuanza na ghorofa mbili na kuongeza tatu baada ya miaka kumi lazima aseme leo, ili msingi na nguzo zibebe ghorofa tano tangu siku ya kwanza.

Aina ya biashara nayo hubadili ramani. Duka la vitenge linahitaji stoo ya marobota karibu na mlango. Duka la simu linahitaji kioo kirefu na kufuli imara. Mgahawa unahitaji bomba la moshi linalopanda hadi juu ya paa, na halina njia ikiwa halikupangwa mapema. Kariakoo sakafu za makazi hugeuzwa stoo kila kodi ya stoo inapopanda, na hilo ni hatari. Kwa kawaida sakafu ya nyumba ya kuishi hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, wakati stoo ya bidhaa zilizopangwa hadi karibu na dari inaweza kuhitaji 500 au zaidi. Kama kuna uwezekano wowote wa ghorofa ya kwanza kuwa stoo, mhandisi aambiwe kabla ya kupanga nondo.

Hesabu ya nafasi

Mfano mmoja unaonyesha kwa nini ukubwa wa kiwanja hudanganya. Kichukuliwe kiwanja cha mita 12 kwa 24, yaani mita za mraba 288. Zikiachwa mita 2 nyuma kwa ajili ya hewa, mabomba na chemba, zinabaki 264. Ngazi inayopanda kimo cha mita 3.06 huhitaji vipandio 18 vya sentimita 17. Vikigawanywa katika mikono miwili yenye upana wa mita 1.2, na sehemu za kupumzikia juu na chini, ngazi moja inachukua takriban mita za mraba 12, na ngazi mbili 24. Lifti na nafasi ya kuisubiria ni 10. Uwazi wa ndani wa kupitisha hewa, mita 3 kwa 5, ni 15. Korido ya mita 1.5 kwa 14 ni 21. Kuta, nguzo na mifereji ya mabomba huchukua kama 26. Kinachobaki ni mita za mraba 168, chini kidogo ya asilimia 60 ya kiwanja. Hizo zinatosha nyumba mbili za vyumba viwili au vitatu kila ghorofa. Anayeahidiwa nyumba nne za vyumba vitatu kwenye eneo hilo aulize ni ngazi ipi imefutwa, au ni chumba kipi hakina dirisha.

Maegesho ya chini ya ardhi yana hesabu yake. Gari linaloshuka mita 3 kwa mteremko wa moja kwa saba linahitaji njia ya mita 21, karibu urefu wote wa kiwanja, na upana wa njia hiyo unameza robo ya mbele ya jengo, mahali pa fremu yenye kodi kubwa kuliko zote. Kwa kiwanja kimoja maegesho ya namna hiyo hayalipi. Majirani wawili au watatu wakiunganisha viwanja ndipo hesabu inapokubali, na hapo hata ngazi na lifti za pamoja hupungua gharama kwa kila mmoja.

Upana wa mita 12 hugawanyika vizuri katika nafasi tatu za mita 4. Nguzo zikipangwa kwa vipimo hivyo, chini zinapatikana fremu mbili zinazotazama mtaa na njia ya wakazi, na juu vyumba vya upana uleule. Wenye viwanja wengi hutamani kuigeuza njia hiyo iwe fremu ya tatu na wakazi wapitie ndani ya duka. Duka likifungwa jioni, ghorofa zote juu hufungwa nalo. Njia ya wakazi iwe na mlango wake mtaani, pana kiasi cha kupitisha kitanda, friji na jeneza.

Hewa, jua na maji

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita karibu na utosi mwaka mzima, hivyo joto kali hulipiga paa kwanza, kisha kuta za mashariki na magharibi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi. Mbunifu mzuri huenda kiwanjani na dira, asubuhi na alasiri, kabla ya kupiga mstari. Sebule na vyumba vya kulala huwekwa upande wa upepo. Ngazi, vyoo na stoo huwekwa upande wa jua la magharibi ili ziwe kinga. Madirisha ya kioo kitupu kuanzia sakafuni hadi darini, yanayopendwa kwa sura, humlazimisha mpangaji kuwasha kiyoyozi mchana kutwa, na luku yake huisha mapema. Vibaraza vyenye kina, vivuli vya zege juu ya madirisha na matofali ya matundu kwenye ngazi na korido hupunguza joto bila umeme.

Mfano mkubwa wa fikra hiyo upo Kariakoo penyewe. Soko Kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza wa Kiafrika katika Afrika Mashariki, na kujengwa miaka ya 1970, lilifunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa. Miavuli hiyo hupokea mvua na kuacha pande wazi, na hewa moto ikatoka juu. Kanuni hiyo inafaa hata kwenye jengo dogo: hewa iingie upande mmoja na itoke upande mwingine au juu. Katika kiwanja kilichobanwa na majirani pande mbili, tundu la kutokea ni uwazi wa ndani, mrithi wa uani wa zamani. Uwe wazi hadi juu, usifunikwe kwa bati, na uwe na sakafu yenye mfereji na mlango wa kuusafishia. Uwazi wa mita moja kwa moja, unaoonekana kwenye ramani nyingi, hautoi mwanga kwenye sakafu za chini, na hugeuka jalala.

Maji yanahitaji kurasa zake kwenye michoro. Masika ya Machi hadi Mei huleta mvua nyingi kwa saa chache, na paa lote la jengo lililobanwa humwaga maji mtaani au kwa jirani kama mabomba ya mvua hayakukadiriwa. DAWASA huulizwa mapema kama mtaa una bomba la maji taka na liko kina gani, kwa sababu choo cha chini ya ardhi kinaweza kuwa chini ya bomba hilo na kuhitaji pampu. Matangi ya akiba hugawanywa kati ya chini na juu, na uzito wake hutajwa kwa mhandisi: lita 10,000 ni tani 10 juu ya paa.

Msingi, nguzo na jirani

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne la Kariakoo, lililokuwa na maduka na watu ndani, liliporomoka asubuhi na kuua zaidi ya watu 20, na Serikali ikaunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Matukio hayo yanatosha kuonyesha kwamba katika ujenzi wa ghorofa, mhandisi si nyongeza ya mbunifu. Ni nusu ya kazi.

Udongo hupimwa kwa kutoboa, si kwa kuangalia jirani alivyochimba. Ripoti hueleza aina ya tabaka, uwezo wake wa kubeba na kina cha maji ya ardhini, na ndiyo huamua kama msingi uwe wa vitako, wa zulia la zege au wa nguzo zinazozamishwa chini. Kuchimba chini kuliko msingi wa jirani ni kazi ya hatari kuliko zote Kariakoo. Kabla ya jembe la kwanza, kuta za jirani hupigwa picha, nyufa zilizopo huandikwa na pande mbili husaini. Mhandisi naye huchora jinsi udongo utakavyoshikiliwa, hatua kwa hatua. Kuchimba shimo jipya chini ya jengo ambalo tayari linatumika, ili kupata stoo au fremu za chini, kusifanyike bila michoro ya mhandisi na kibali kipya, hata kama ni fundi mzoefu anayesema inawezekana.

Kwenye ramani yenyewe, msomaji asiye fundi anaweza kukagua jambo moja kubwa. Aweke ramani za sakafu zote moja juu ya nyingine na aangalie kama nguzo zinasimama sehemu ileile kutoka chini hadi juu. Nguzo inayoanza ghorofa ya pili juu ya uwazi wa duka inahitaji mhimili mkubwa wa kuibeba; kama mhimili huo hauonekani kwenye mchoro wa mhandisi, kuna swali la kuuliza.

Moto na njia ya kutokea

Moto wa Julai 2021 ulioliunguza Soko Kuu uliwakumbusha wafanyabiashara jinsi bidhaa zilizorundikwa zinavyowaka. Jengo lenye stoo ya nguo chini na watoto waliolala juu linahitaji njia mbili za kutokea zisizotegemeana, ngazi zilizotengwa na maduka kwa ukuta na mlango usioshika moto haraka, na mlango wa chini unaofunguka kwa nje bila ufunguo. Vyuma vya dirishani viwe na sehemu inayofunguka kutoka ndani. Jenereta na mafuta yake yasikae chini ya ngazi, mahali ambapo huwekwa mara kwa mara. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huipitia michoro ya majengo ya namna hii, na ushauri wake ni rahisi kuufuata ukiwa bado karatasini.

Kumpata mbunifu na kuandikiana naye

Sheria ya mwaka 2010 imeweka usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi chini ya bodi moja, AQRB. Wahandisi wako chini ya ERB, na makandarasi chini ya CRB, iliyowagawa katika madaraja saba kulingana na ukubwa wa kazi wanazoruhusiwa kufanya. Namba ya usajili ya kila mmoja huhakikiwa kwenye bodi yake. Kuna watu wanaochora vizuri kwa kompyuta lakini hawana usajili, wakapeleka michoro kwa mwenye muhuri augonge bila kuisoma. Njia nyepesi ya kumtambua mbunifu halisi ni kuomba kukutana naye kiwanjani na kutembelea majengo mawili aliyoyasimamia hadi mwisho, kisha kuzungumza na wenye majengo hayo kuhusu uvujaji, gharama zilizoongezeka na kama alifika saiti.

Makubaliano yaandikwe. Kazi ya mbunifu hupita katika hatua: mahitaji na ukaguzi wa kiwanja, mchoro wa awali, mchoro uliokubaliwa, michoro ya ujenzi, kibali, zabuni, usimamizi na makabidhiano. Ada inaweza kuwa asilimia ya gharama ya ujenzi au kiasi kilichokubaliwa, lakini kwa vyovyote ilipwe kwa hatua na kila hatua iseme nini kitatolewa: michoro mingapi, marekebisho mangapi bila malipo ya ziada, ziara ngapi za saiti kwa mwezi, na nani anawalipa mhandisi, mkadiriaji na mpima udongo. Mkataba utaje pia haki ya kutumia michoro. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi za usanifu majengo, hivyo ramani iliyonunuliwa kwa kiwanja cha Mtaa wa Sikukuu si ruhusa ya kuijenga tena Mtaa wa Likoma.

Hatua ya mchoro wa awali ndiyo inayostahili muda mwingi wa mteja, kwa sababu mabadiliko hapo hugharimu karatasi tu. Ramani isomwe kwa kuitembelea kwa kidole: mama anatoka jikoni na ndoo, anapita wapi hadi pa kuanikia nguo, mgeni anafika chooni bila kupita chumba cha kulala, mgonjwa wa ghorofa ya nne anashushwaje lifti ikizimika. Samani zichorwe kwa vipimo vyake. Kitanda cha futi 6 kwa 6 katika chumba cha mita 2.7 huacha chini ya mita moja kwa kabati na mlango. Mistari ikishindikana kueleweka, vipimo vya sebule vichorwe kwa chaki sakafuni au barazani, familia isimame ndani yake.

Kibali, zabuni na saiti

Kariakoo iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyotokana na Manispaa ya Ilala mwaka 2021. Maombi ya kibali cha ujenzi huambatana na uthibitisho wa umiliki, michoro ya usanifu, na kwa ghorofa michoro ya mhandisi. Hupitiwa na watu wa mipango miji, afya, uhandisi na zimamoto. Kabla ya kuchora ghorofa kumi, mbunifu aulize mpango wa eneo unaruhusu ghorofa ngapi na sehemu gani ya kiwanja iachwe wazi. Kuongeza ghorofa baada ya kibali ni jengo jingine na huhitaji idhini nyingine.

Mkadiriaji majenzi hugeuza michoro kuwa BOQ, yaani orodha ya kila kazi na kifaa pamoja na kiasi na bei. Bila BOQ, makandarasi watatu wanaotaja bei huwa wanataja bei za majengo matatu tofauti. Baraza la Taifa la Ujenzi lina mfano wa mkataba wa ujenzi unaoweza kutumika, wenye vifungu vya malipo, ucheleweshaji na fedha inayozuiliwa hadi kasoro zirekebishwe. Bei iliyo chini sana kuliko makadirio ya mkadiriaji ichunguzwe kwenye nondo, saruji na kokoto, maana ndiko upungufu hujificha.

Saiti ya Kariakoo ina adha zake. Mchana mitaa imejaa wateja, mikokoteni na machinga, na Mtaa wa Msimbazi una njia ya mabasi ya mwendokasi. Ratiba ya kushusha vifaa na kumwaga zege, mara nyingi usiku au alfajiri, iwekwe kwenye mkataba kwa sababu ina gharama. Uzio na vyavu vya kuzuia vitu kuanguka viwepo pamoja na bango lenye majina ya mwenye mradi, mbunifu, mhandisi na mkandarasi. Kila zege linapomwagwa, sampuli huchukuliwa katika vibao vya mchemraba na kupimwa maabara baada ya siku 7 na 28. Mhandisi hukagua nondo kabla ya kufunikwa na kusaini kitabu cha saiti.

Mabadiliko yana utaratibu mmoja: mteja humwambia mbunifu, mbunifu huchora na kupata bei, mteja hukubali kwa maandishi, ndipo mkandarasi hutekeleza. Mwenye nyumba anayemwelekeza fundi asogeze ukuta kwa mdomo huvunja mpangilio wa nguzo na mabomba bila kujua, na baadaye hakuna wa kuwajibika.

Makabidhiano

Jengo likikamilika, mbunifu hupita chumba kwa chumba na mkandarasi na mteja, wakaandika kasoro: mlango unaokwama, bafu linalovuja, swichi isiyofanya kazi. Malipo ya mwisho hayatolewi kabla orodha haijafutwa, na fedha iliyozuiliwa hubaki hadi kipindi cha uangalizi kiishe. Kikipita msimu mmoja wa masika, paa na madirisha yatakuwa yamejaribiwa. Pamoja na funguo, mteja hupokea michoro ya jengo kama lilivyojengwa kweli, ikionyesha mabomba, nyaya, nguzo na mihimili, majibu ya vipimo vya udongo na zege, dhamana za lifti na pampu, na nakala za vibali. Nakala moja ikae kwa familia, nyingine kwa wakili au benki. Kila fundi atakayeitwa miaka ijayo kutoboa ukuta, kuongeza tangi juu ya paa au kugeuza chumba kuwa stoo aonyeshwe kwanza michoro hiyo, na kazi isianze mpaka mhandisi aikubali kwa saini.